Moto na moto: maneno yanayoandikwa sawa bila kuwa ndugu

Neno moto lina herufi nne tu, na kwa mkazi wa Nairobi halina fumbo lolote. Ndio huo unaowaka jikoni, huo unaorudi kila mara kuteketeza vibanda Gikomba, huo wa maji moto na wa habari moto moto. Lakini sikiliza redio saa za nyimbo za Kikongo, zile ambazo sisi Wakenya tumezoea kuziita "Lingala" kwa jumla, na utalisikia neno hilohilo likiimbwa tena na tena bila kitu chochote kuungua. Wewe unaona ndimi za moto. Mwimbaji anazungumzia mtu.

Nairobi ni mji mzuri wa kusikia mambo kama haya. Tangu miaka ya 1970, bendi kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilipoweka makao hapa, Kilingala kimekuwa masikioni mwetu hata kama hatukielewi. Kila anayekisikia huokota neno moja mawili yanayofanana na yake, kisha hukata shauri: ona, hata Wakongo wana moto, lugha zetu ni moja. Shauri hilo lina ukweli, maana Kiswahili na Kilingala zote ni lugha za Kibantu. Ushahidi wake ndio usio na nguvu. Moto ya Kilingala yenye maana ya mtu haina undugu wowote na moto wetu. Ndugu yake halisi katika Kiswahili ni neno ambalo kwa tahajia halifanani nalo sana: mtu.

Jambo hili linanikera na kunivutia kwa pamoja, kwa sababu sipiti muda mrefu bila kutumiwa orodha ya maneno ya Kiswahili "yanayofanana" na ya Kiebrania, ya Kimisri cha kale au ya Kijapani, na juu ya orodha hiyo mtu amejenga historia ya kabila zima: tulitoka wapi, tulivuka bahari gani, sisi ni uzao wa nani. Herufi zinafanywa shahidi wa nasaba. Nazo herufi hizi zilikuja juzi. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hati ya Kilatini kushika nafasi, na lugha nyingine nyingi za Kenya hazikuwa na maandishi mpaka wamisionari walipoanza kuziandika, kila mmoja kwa sikio lake na kwa mazoea ya lugha ya kwao. Maneno mawili yakiandikwa sawa, huenda tunachokiona ni uamuzi uliofanywa mezani na watu wachache. Kwa hiyo nataka kulifuata neno moto peke yake kwa makini, tuone linatupeleka wapi.

Moto wa kwetu

Tuanze nyumbani. Moto wa Kiswahili umo katika ngeli ya U-I: moto unawaka, mioto inawaka. Wingi huo ndio unaotufungulia neno. Ondoa mi- ya mioto unabaki na -oto, na huo ndio mzizi. Katika umoja kiambishi kilikuwa mu-, nacho kilipokutana na irabu o kikapoteza u yake: mu-oto ikawa moto, kama vile mu-oyo ilivyokuwa moyo, ambao wingi wake ni mioyo. Ile m ya mwanzo, basi, haimo katika mzizi wa neno. Ni kiambishi kilekile kilichomo katika mti, mkono na mlima.

Mzizi wenyewe tunao pia katika kitenzi ambacho watu wa Limuru na Kinangop hukihitaji sana mwezi wa Julai: kuota moto. Ukienda Malawi, Wachewa wana moto kama sisi, na kuota moto kwao ni kuotha moto. Wakikuyu wana jina jingine kwa moto wenyewe, mwaki, ambalo ni jamaa wa kuwaka na kuwasha kwetu, ila wanapoketi karibu nao, kitenzi chao ni -ota vilevile. Hapa tuna undugu wa kweli. Sauti zinafanana, maana ni ileile, na kufanana huko kunajirudia katika lugha kadhaa ambazo tayari zinajulikana kuwa za ukoo mmoja.

Lakini Kiswahili kina kuota kwingine, kule kwa usingizini. Mwalimu wa shule ataviweka pamoja kwenye somo la vitawe, atasema neno moja, maana nyingi, kisha ataendelea na zoezi. Hebu tusiharakishe. Mkikuyu anapoota moto husema -ota, lakini anapoota ndoto husema -rota. Mchewa anapoota moto husema -otha, na anapoota ndoto husema -lota. Lugha hizo mbili ziko mbali sana na bado zote zinatenganisha mambo haya mawili, na zote zina konsonanti mwanzoni mwa kuota kwa usingizini. Kiswahili ndicho kilichoidondosha. Kina tabia hiyo ya kudondosha l ya zamani: Mganda na Mchewa wakisema njala, sisi tunasema njaa, Mzulu akisema zala, sisi tunasema zaa, Mchewa akisema vala, sisi tunasema vaa.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba l hiyo haijapotea kabisa. Imejificha ndani ya Kiswahili chenyewe, katika nomino ndoto. Kama kitenzi kilikuwa kuota tu tangu zamani, ile d ya ndoto imetoka wapi? Angalia ulimi na wingi wake, ndimi: l ikitanguliwa na n hugeuka d. Vivyo hivyo n pamoja na lota ilizaa ndoto. Kitenzi kilikuja kupoteza l yake, lakini nomino ilikuwa imekwisha kuifunga mahali ambapo haingeweza kudondoka. Mtoto wa darasa la nne anayeandika "niliota ndoto" ameandika ushahidi mzima kwa maneno mawili.

Hivi ndivyo wanaisimu wanavyofanya kazi, na ndiyo maana sikubali asili ya neno iamuliwe kwa kulitazama tu. Neno moja halitoshi. Unataka safu ya maneno, na unataka tofauti zinazojirudia kwa utaratibu. Undugu wa lugha huonekana zaidi katika tofauti zenye mpango kuliko katika mifanano ya hapa na pale.

Moto wa mto Kongo

Sasa turudi kwa mwimbaji wetu. Kilingala kilikua kama lugha ya biashara katika mto Kongo, kikitokana kwa kiasi kikubwa na Kibobangi, kisha kikasambazwa na askari, watawala wa kikoloni na hatimaye muziki wa Kinshasa. Mtu ni moto, watu ni bato. Wingi huo peke yake unaondoa shaka. Bato ni watu, kama bana wa Kilingala walivyo wana wa Kiswahili: palipo na ba- yao pana wa- yetu. Na palipo na mo- yao pana m- yetu. Moyo katika nyimbo zao ni motema, neno linaloimbwa katika rumba pengine kuliko jingine lolote, na sisi tunalo mtima, ambalo washairi wa Kiswahili hawajaliacha mpaka leo. Motema kwa mtima, moto kwa mtu. Mlango ni uleule.

Neno hili la mtu ndilo lililoipa familia nzima ya lugha jina lake. Mganda husema omuntu, Mluhya omundu, Mkikuyu na Mkamba mũndũ, Mzulu umuntu, na wingi wa Kizulu ni abantu. Wilhelm Bleek, mwanaisimu Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Kusini, alilitumia katika sarufi yake linganishi iliyoanza kutoka mwaka 1862, na Bantu likawa jina la ukoo. Katika Kiswahili na Kilingala ile n ya -ntu imeondoka. Katika Kikuyu imebaki na kuifanya t iwe d.

Irabu nazo zina kisa chao, na hapo ndipo tahajia inapotudanganya waziwazi. Lugha mama ya Kibantu, ambayo wataalamu huiita Mame-Bantu, inakadiriwa kuwa na irabu saba. Kikuyu kimezihifadhi zote, ndiyo maana maandishi yake yana ĩ na ũ zenye alama juu. Kiswahili kimebaki na tano. Msikilize Mkikuyu akitamka mũndũ: sikio la Mswahili husikia karibu mondo. Sauti ile inayoandikwa ũ huko Nyeri iko jirani sana na ile inayoandikwa o huko Kinshasa. Kwa hiyo mũndũ na moto zinasikika karibu kuliko zinavyoonekana, ilhali moto ya Kilingala na moto wetu zinaonekana sawa na hazina uhusiano. Anayesoma kwa macho tu atakosea mara mbili.

Kilingala chenyewe kina moto tatu, ukiandika kwa namna watu wengi wanavyoandika, bila alama za toni, yaani za kupanda na kushuka kwa sauti. Ya kwanza ni mtu. Ya pili ni kichwa, ambayo toni hupanda kwenye silabi ya mwisho, motó. Hiyo ni ndugu ya mũtwe wa Kikuyu na omutwe wa Kiganda, na ukienda Mombasa kwa wazee wanaosema Kimvita utakuta kichwa kikiitwa kitwa, mzizi ukiwa uleule chini ya kiambishi tofauti. Ya tatu ni moto kweli, wa kuwaka. Huu hutamkwa kwa o iliyo wazi zaidi, mdomo ukifunguka, na toni ya juu iko mwanzoni. Katika vitabu vya lugha huandikwa mɔ́tɔ. Huo, hatimaye, ndio ndugu wa moto wetu. Alikuwepo muda wote, amekaa kando ya wale wawili wasiomhusu, wote wamevalishwa herufi nne zilezile.

Mkinshasa hachanganyikiwi. Anasikia toni, anasikia irabu, na sentensi inamwongoza. Sisi tunaosikiliza kwa masikio ya lugha isiyo na toni ndio tunaorundika maneno matatu kuwa moja.

Moto wa magurudumu

Kuna moto mwingine ambao Mnairobi atakutana nao akisafiri magharibi. Goma na Bukavu, kwenye Kiswahili kilichoishi muda mrefu na Kifaransa, pikipiki ni moto. Neno limekatwa kutoka motocyclette ya Kifaransa, na ndani yake mna motus ya Kilatini, yaani mwendo au msukumo, kutoka kitenzi movere, kusogeza. Hakuna joto wala mwako ndani yake. Waitaliano nao wana moto mbili zenye shina hilo: il moto ni mwendo, na wanamuziki wanaosoma nota wanajua maandishi con moto, yaani kwa mwendo wa kuchangamka, nayo la moto ni pikipiki.

Tazama vijineno il na la. Neno la Kiitaliano linaloishia na o kwa kawaida ni la kiume na huchukua il. Pikipiki imechukua la ya kike kwa sababu jina lake kamili, motocicletta, ni la kike, na neno lilipokatwa mkia jinsia yake haikubadilika. Sarufi imekumbuka kile ambacho tahajia imefuta.

Kiswahili kina kumbukumbu kama hiyo, nayo ni upatanisho wa ngeli. Moto wa kuwaka ni wa U-I: moto wangu umezimika. Moto ya magurudumu ni neno la kigeni, na maneno ya kigeni ya vyombo kwa kawaida huingia ngeli ya I-ZI: gari langu ni kisa kingine, lakini baiskeli yangu, treni yetu. Kwa hiyo anayefuata sarufi akisema "moto yangu imezimika", amekwisha kutueleza kwamba kilichozimika ni injini. Herufi moja, y badala ya w, inatenga Kilatini na Kibantu. Ninaposikia Nairobi yetu ikisema "moto imewaka", huwa ninasikitika kidogo, na sababu yangu haihusu unadhifu wa lugha. Upatanisho hubeba habari. Ukiuacha, unabaki na herufi peke yake, na tumekwisha kuona herufi zinavyoweza kupoteza watu.

Kisha kuna Wajapani. Moto kwa Kijapani ni asili, chanzo, shina la kitu. Limo katika majina mengi ya ukoo: Yamamoto ni shina la mlima, Matsumoto ni shina la msonobari. Hapa hakuna urithi wala mkopo. Ni bahati tu, na ukitafakari utaona kwamba bahati ya namna hii haiwezi kukosekana. Kiswahili na Kijapani zote zina irabu tano, a, e, i, o, u, na zote hupenda silabi ya konsonanti moja na irabu moja. Chukua konsonanti 15 tu, uzizidishe kwa irabu 5: una silabi 75. Maneno ya silabi mbili yanayoweza kuundwa kwa silabi hizo ni 5,625. Lugha mbili zenye makumi ya maelfu ya maneno zikichota katika kisima kimoja cha ukubwa huo, lazima zigongane. Na zinagongana kweli. Kwa Kijapani mimi ni sikio, saba ni samaki wa jamii ya bangala, hata ni bendera, kama ni mundu.

Mgongano unaoponza watu zaidi ni ule ambao maana nayo inakaribia. Nani kwa Kijapani ni "nini". Mtu akiliona hilo hujiambia kwamba sasa amepata kitu, maana zote ni za kuuliza. Hajapata. Ili pawe na kitu, Kijapani kingepaswa kufanana na Kiswahili kwa utaratibu katika maneno mengine ya msingi: mimi, wewe, mbili, tatu, mkono, jicho. Hakifanani. Na kama kufanana kwa nani ni ushahidi, basi nenda Parklands au Ngara, katika nyumba za Wahindi wa Nairobi, usikie watoto wakimwita nani bibi yao mzaa mama. Hakuna anayesema kwamba bibi huyo ametokana na swali.

Chai na uhai

Mkopo ni njia nyingine kabisa, na una alama zake: unafuata bidhaa na barabara. Chai imetoka China. Mahali ilikofika kwa njia za bara na kupitia Waajemi, imebaki na umbo la cha: chay ya Kiajemi, chay ya Kihindi, chai yetu. Mahali ilikofikishwa na meli za Waholanzi kutoka bandari za Fujian, ambako huitwa te, imekuwa thé ya Wafaransa na jamaa zake za Ulaya magharibi. Kwa hiyo maneno chai na thé, yasiyofanana hata kidogo, ni neno moja lililogawanyika njiani. Majani yenyewe yalipandwa Limuru mwaka 1903, lakini neno lilikuwa limetangulia mmea. Kikuyu huandika cai, kwa sababu tahajia yake hutumia c pale ambapo Kiswahili hutumia ch. Tahajia mbili, neno moja, kikombe kimoja.

Na chai ya afisa, ile ya kupenyezwa mkononi ili faili lisogee? Hiyo ni chai hiyohiyo, maana imepanuka hapa kwetu. Haina asili tofauti. Inafaa kutofautisha mambo haya: neno moja lililoongeza maana, na maneno mawili yaliyogongana.

Sasa mgongano. Pale inapokutana University Way na Uhuru Highway pana sinagogi ya Wayahudi wa Nairobi. Katika Kiebrania kuna neno ambalo kwa hati ya Kilatini huandikwa chai, na watu hulivaa shingoni kama kidani. Maana yake ni hai, mwenye uhai. Herufi zake mbili za Kiebrania zikihesabiwa kwa thamani ya tarakimu hutoa 18, na kwa sababu hiyo Wayahudi wengi hupenda kutoa sadaka kwa mafungu ya 18. Ile ch haitamkwi kama yetu. Ni sauti ya kooni, karibu na kh ya Kheri inapotamkwa na mtu aliyesoma Kiarabu.

Nimewahi kuona neno hili likitumiwa kuthibitisha kwamba Waswahili waliipata chai yao kutoka kwa Waebrania, eti kwa kuwa ni kinywaji cha uhai. Ukweli ni mzuri zaidi ya hapo. Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, za jamii ya Kisemiti, na Kiarabu nacho kina neno hilo: hayy, aliye hai. Waswahili walilipokea kutoka Kiarabu wakalifanya hai, wakalijengea uhai na uhuishaji. Kwa hiyo undugu upo kweli kati ya kidani cha pale sinagogi na Kiswahili cha Nairobi, ila uko katika neno hai. Umewapita kando wanaoutafuta katika kikombe. Ni kisa cha moto na mtu tena: ndugu wa kweli amevaa herufi nyingine, na mgeni amevaa za kwetu.

Wafaransa nao wana chai, nayo ni ghala la kuhifadhia divai, neno la jamii moja na quai, gati la meli, lenye mizizi katika lugha ya Wagaulo wa kale. Nalitaja na kupita.

Kilichofichwa na kalamu

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe tahajia imefunika mambo. Mwambie mzee wa Mombasa au Lamu atamke paa, sehemu ya juu ya nyumba, kisha atamke paa, yule mnyama mdogo wa porini. Weka kiganja mbele ya mdomo wake. Kwa mnyama utahisi pumzi, kwa nyumba hutahisi. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto, ambalo halina mpumuo, na kaa wa baharini, ambaye anao. Sababu inajulikana: mnyama na kaa wa baharini wako katika ngeli iliyokuwa na n mwanzoni, na n hiyo ilipotoweka mbele ya p na k iliacha pumzi nyuma yake. Mzulu bado anayo n yake. Kaa wa baharini kwake ni inkala. Kaa la moto kwa Kikuyu na Kichewa ni makara na makala, bila n. Na kukaa kitako ni -ikara kwa Kikuyu. Maneno matatu ya asili tatu, yaliyokuja kufanana baada ya l kudondoka. Vijana wa Nairobi wameongeza la nne kwa kuikata kama: "anaongea kaa mzee".

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji wa vitabu. Mpumuo haukupewa herufi. Ulikuwa uamuzi wa kueleweka kwa lugha iliyokusudiwa kufundishwa kutoka pwani hadi maziwa makuu, na sidhani tungefaidika kuubatilisha leo. Gharama yake ni kwamba sisi wa bara tulijifunza Kiswahili kwa kitabu, tukaamini kwamba paa na paa ni neno moja lenye maana mbili, na Mvita akitutamkia tofauti tukadhani ni lafudhi tu.

Ndiyo maana napenda walimu watumie kamusi vizuri wanapofundisha vitawe. Kamusi nzuri ya Kiswahili, kama ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, haiweki kila kitu katika kapu moja. Maneno yaliyogongana huyapa vidahizo tofauti, yaani huyaingiza kila moja peke yake, na kila kidahizo hupewa namba ndogo juu yake. Maana zilizokua kutoka neno moja huziorodhesha ndani ya kidahizo kimoja. Namba hizo ndogo, ambazo wanafunzi huziruka, ndizo zinazosema nani ni ndugu na nani ni jirani tu.

Kayole, Githurai na Kasarani kuna familia nyingi zilizotoka mashariki ya Kongo, na watoto wao wako madarasani na wetu. Siku moja mmoja wao ataandika katika insha: "Baba alifika usiku na moto." Mwalimu atatia alama nyekundu, au atadhani baba alikuja na kijinga cha moto mkononi. Kabla ya kalamu nyekundu, mwalimu amwombe aendeleze sentensi kwa neno moja tu, aseme moto wa nani. Akijibu "moto ya mjomba", Kiswahili chake kina sarufi, na kina neno la Kilatini lililopitia Paris na Kinshasa kabla ya kufika Githurai. Amfundishe kwamba hapa tunaiita pikipiki, kisha ampe alama yake.